Laki Saba na Tarakimu Nne: Kisa cha Matairi ya DragStar

Aprili 2024 Dar es Salaam ilikuwa bado imelowa kwa mvua za El Niño. Jumapili moja, mvua ikiwa imekatika dakika kumi tu, shemeji yangu alikuwa anatoka mitaa ya ndani ya Tegeta kuingia barabara ya Bagamoyo. Mwendo ulikuwa wa pole, kama kilomita 30 kwa saa, na dada yangu amekaa nyuma. Tairi la nyuma lilipokanyaga mistari myeupe ya kivuko cha waenda kwa miguu, likachomoka upande. Shemeji akatupa mguu chini, pikipiki ikajirudi, hakuna aliyeanguka. Dada alishuka, akavua helmeti, akasimamisha bajaji na kwenda zake nyumbani. Hakusema neno. Ukimya ule ndio uliomleta shemeji kwangu jioni ileile.

"Shem, nitafutie matairi ya bei nafuu," akaniambia. "Nina laki saba, zaidi ya hapo sina."

Kazi ilikuwa hiyo. Naieleza kwa urefu kwa sababu wenye pikipiki za aina hii huniuliza maswali yaleyale kila baada ya muda, na pia kwa sababu mimi mwenyewe katikati ya safari nilikaribia kumpotosha.

Pikipiki ni Yamaha DragStar 400, mtumba wa Japani. Yamaha walianza kuitoa mwaka 1996. Injini yake ni ya silinda mbili zilizokaa kwa umbo la V, inapozwa na upepo, na nguvu inakwenda gurudumu la nyuma kwa shafti badala ya mnyororo. Ni kruza kamili: kiti kiko chini, miguu imenyooshwa mbele, usukani mpana, na uzito unapita kilo 220 kabla hujapanda. Magurudumu ni ya spoki. Mbele inavaa 100/90-19, nyuma 170/80-15: namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, ya mwisho ni rimu kwa inchi.

Hiyo namba ya nyuma ndiyo inayoleta shida. Mji umejaa matairi ya pikipiki. Ingia Kariakoo, duka lolote la spea, utakuta 2.75-17 na 3.00-17 yametundikwa mlangoni kama mikungu ya ndizi, kwa sababu ndiyo yanayovaliwa na bodaboda. Ukitaja 170/80-15 muuzaji anakutazama kwanza, halafu anakuuliza gari gani. Tulizunguka siku nzima. Duka moja lilikuwa na 100/90-19, la nyuma hapana. Jingine likasema tuache namba ya simu. Ya kwetu wanayo mpaka leo.

Kabla ya kununua chochote nilitaka kuona yaliyopo. Nikapiga magoti na tochi. Shemeji alikuwa na uhakika kwamba matairi yake ni mazima, maana kashata, yaani vile vinundu vya mpira vinavyokanyaga lami, zilikuwepo. Ni kweli zilikuwepo: nyuma kama milimita nne katikati, mbele zaidi ya hapo. Angesimamishwa na trafiki asingeambiwa kitu. Lakini nilipopapasa ubavu wa tairi la nyuma nikatafuta herufi DOT, nikafuata msururu wake mpaka mwisho, penye kiduara cha mviringo chenye tarakimu nne: 3512. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Wiki ya 35 ya mwaka 2012, yaani mwishoni mwa Agosti. La mbele lilisomeka 2910. Shemeji alinunua pikipiki ile mwezi wa pili wa 2023. Matairi alinunua bila kujua yakiwa na zaidi ya miaka kumi tayari.

Mpira wa tairi huzeeka hata ukiwa umesimama. Ndani yake kuna mafuta na kemikali zinazoufanya uwe laini na kuukinga na hewa. Miaka inavyopita vitu hivyo vinapungua, oksijeni na joto vinaukausha, jua linamalizia. Pikipiki hii ilikaa ghalani Japani, ikaja kuegeshwa kwenye ukuta unaopigwa na jua la saa tisa. Nilikwaruza kashata kwa ukucha, ukucha ukateleza kana kwamba nakwaruza soli ya kiatu kilichosahaulika juu ya bati. Chini kabisa ya mifereji kulikuwa na nyufa nyembamba kama nywele. Tairi la namna hiyo juu ya lami kavu litakubeba vizuri tu. Litakuumbua siku ya maji.

Sitasema umri ndio ulioleta kila kitu. Rangi ya barabarani ikilowa huteleza kwa tairi lolote. Halafu nilichomeka kipimo changu cha upepo: mbele psi 40, nyuma 40. Anayejaza upepo pale mtaani kwao humpa kila mtu 40, awe na Noah au Boxer. DragStar inataka psi 28 mbele, na nyuma 36 ukibeba mtu, pungufu ya hapo ukiwa peke yako. Tairi gumu, lililojazwa kupita kiasi, linakanyaga lami kwa ukanda mwembamba wa katikati. Shemeji akapunguza upepo palepale, akaniuliza kama sasa hahitaji tena matairi mapya. Nilimwonyesha nyufa kwa mara ya pili.

Wa kwanza kutoa ofa alikuwa fundi wake. Fundi ni kijana mchangamfu, mkono wake mwepesi, na kwa injini namwamini. Alituonyesha tairi jipya la gari, 165/80 R15, saizi iliyokuwa ikivaliwa na zile Volkswagen Beetle za zamani. Bei 190,000.

"Mzee, rimu ni inchi 15, hili ni inchi 15," akaniambia. "Urefu karibu sawasawa. Na hili linabeba zaidi. La mbele achana nalo, bado lina kashata."

Hesabu yake haikuwa ya ovyo. Tairi la 170/80-15 lina kimo cha milimita 653 hivi, na la 165/80 lina 645. Namba ya uzito kwenye tairi lile la gari ilikuwa 87, maana yake kilo 545. Tairi la DragStar linatakiwa kuwa na 77, ambayo ni kilo 412. Huko Marekani wapo waendeshaji wa pikipiki kubwa wanaofunga tairi la gari nyuma kwa makusudi, kwa sababu linadumu sana na ni rahisi, na wanabishana kuhusu jambo hilo kama watu wa Simba na Yanga.

Nililikataa kwa sababu mbili, na ya kwanza ndiyo nzito. Rimu ya pikipiki na ya gari, hata zote zikiwa inchi 15, hazikuchongwa sawa pale ukingo wenye waya unapokaa. Tairi linaweza kuingia, likajaa upepo, likaonekana limekaa, kumbe limekaa kwa kulazimishwa. Hakuna mtengenezaji anayeruhusu. Ya pili ni umbo: tairi la gari ni bapa juu kwa sababu gari halilali kwenye kona. Pikipiki inalala. Ukiilaza juu ya tairi bapa, inapanda kwenye pembe ya bega la tairi, usukani unakuwa mzito, na ukikutana na ufa wa lami au ukingo wa tuta pikipiki inataka kwenda inakotaka yenyewe. Mtu mwenye uzoefu hujifunza kupambana nayo. Shemeji ana miaka miwili tangu ajue kupanda pikipiki, na abiria wake ni dada yangu.

Ofa ya pili ilikuwa mtumba. Kuna mtu huchinja pikipiki za Japani kwa ajili ya spea, alikuwa na tairi la nyuma la 170/80-15 lenyewe, kashata nyingi kuliko letu, 130,000. Nikaomba picha ya tarakimu: 4411. Lilikuwa kubwa kwa umri kuliko tulilotaka kulitoa. Shemeji alicheka mwenyewe safari hii.

Ya tatu ilinichukua muda, maana ilikuwa na mantiki. Mtu wa Nairobi alikuwa na 150/90-15, saizi inayovaliwa na kruza nyingine. Nilikaa na karatasi. Rimu ya inchi 15 ni milimita 381. Ubavu wa 150/90 ni asilimia 90 ya 150, yaani 135, mara mbili, 270, jumla 651. Ya kwetu ni 653. Milimita mbili. Uzito wake ni namba 74, kilo 375. Pikipiki na mafuta, shemeji kilo 88, dada kama 70, begi la kilo kumi: yote kwa pamoja ni kama kilo 400, na hayo yanagawanywa kati ya magurudumu mawili. Gurudumu la nyuma halifikii 375 hata siku ya kwenda harusini. Kwa hiyo kwa hesabu lingeweza kufaa, ingawa mtengenezaji hakuliandika, na mimi hupenda kuanza na kilichoandikwa. Mjadala huo ulikufa wenyewe. Tulimwomba muuzaji picha ya tarakimu nne, akajibu tairi ni jipya kabisa. Tulipoomba tena, hakujibu mpaka leo.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilimwambia shemeji aache kuhangaika, aongeze fedha anunue Michelin Commander pande zote mbili. Sababu yangu ilikuwa nzuri masikioni: ni ghali leo, lakini yanakwenda mbali, kwa kilomita moja utalipa kidogo. Nilisema hivyo kwa sababu mimi natembea. Naenda Dodoma kama watu wanavyokwenda Mwenge. Kwa mtu kama mimi tairi linaisha kwa kukanyaga lami, na linaloisha polepole ndilo rahisi.

Shemeji hakubisha. Alisema tu, "Lakini mimi siendi popote, shem."

Tukasoma dashibodi. Tangu alipoinunua, miezi 14, alikuwa ameongeza kilomita 2,900. Bagamoyo mara moja kwa mwezi, kwenda na kurudi kama 130. Morogoro mara moja. Yaliyobaki ni kwenda kanisani na kujionyesha Mbezi Beach. Kwa mwaka ni chini kidogo ya kilomita 2,500.

Hesabu yangu ikapinduka yote. Tairi la nyuma la bei ndogo, kwenye pikipiki isiyo nzito sana kama hii, nalikadiria kilomita 12,000. Kwa mwendo wa shemeji hiyo ni miaka mitano hivi. La ghali nalikadiria 20,000. Kulimaliza angehitaji miaka minane. Michelin wenyewe wanashauri tairi likifikisha miaka mitano ya matumizi likaguliwe na mtaalamu kila mwaka, na likifika miaka 10 tangu kutengenezwa libadilishwe hata kama linaonekana zima. Ukichanganya na jua la ukuta ule, miaka minane ni kujidanganya. Angelipia kilomita 8,000 ambazo zingekauka kabla hajazitumia.

Sikatai kwamba mpira wa tairi la ghali unashika vizuri zaidi kwenye maji. Lakini tofauti kati ya tairi jipya la bei ndogo na jipya la bei kubwa ni ndogo mbele ya tofauti iliyopo kati ya jipya lolote na lile la 2012. Pengo kubwa lilikuwa pale. Vilevile kuna fedha zinazolipwa kwa ajili ya kasi. Herufi inayofuata namba ya uzito ni ya mwendo: S ni kilomita 180 kwa saa, H ni 210, V ni 240. DragStar 400 inaomba S, na hata hiyo haitaifikia, labda uiangushe kutoka mlima Kitonga. Kulipia V ni kununua suti ya kulimia.

Kwa hiyo vigezo vikabaki vitatu: saizi iliyoandikwa, namba ya uzito isiyopungua 77 nyuma na 57 mbele, na tarehe mbichi. Jina la kampuni likaja nyuma ya hayo, mradi iwe kampuni inayojulikana kutengeneza matairi ya pikipiki. Tulibaki na Kenda Kruz ya Kitaiwani na Shinko 777. Shinko watu huwadharau kwa bei yao. Ukweli ni kwamba mwaka 1998 walinunua kutoka Yokohama teknolojia na kalibu za matairi ya pikipiki, na wanatengenezea Korea Kusini. Wenye kruza huko nje wanayafunga kila siku. Tukachagua Shinko, kwa sababu tu ndiyo iliyopatikana kwa saizi zote mbili mahali pamoja.

Mahali penyewe ni Dubai. Binamu yake shemeji anaishi Deira, akaenda dukani kwa niaba yetu. Picha ya kwanza ikaja kwenye WhatsApp: jozi safi, zile nywele za mpira bado zimesimama, bei dirhamu 560. Jozi nyingine, muuzaji alisema, ni 780. Hakueleza tofauti ni nini. Binamu akaandika tuchukue za 560, ni zilezile.

Nikamwomba aingize simu karibu na ubavu. Tarakimu: 0817. Wiki ya nane ya 2017, na wakati huo tulikuwa Mei 2024. Hayajawahi kuvaliwa, kweli. Yana miaka saba ghalani, kweli vilevile.

Tofauti ya dirhamu 220 ilikuwa kama shilingi 155,000, na shemeji alisita. Simlaumu. Tairi lililotunzwa gizani penye ubaridi halizeeki kama lililoachwa juani, na lingekuwa ni la kumaliza mwaka mmoja ningemwambia chukua. Lakini mpango wetu wote ulisimama juu ya miaka mitano. Saba na mitano ni kumi na mbili, yaani umri uleule wa tairi tulilokuwa tunalitoa. Angekuwa ananunua tena tairi analolitupa, kwa awamu.

Jozi ya 780 ilisomeka 0924 nyuma na 4823 mbele. Binamu akalipa. Kwa fedha zetu ilikuwa karibu laki tano na nusu.

Kilichobaki kilikuwa usafiri, na hapa watu wengi huumia kwa kutokujua. Kwa mizani matairi yale mawili yalikuwa kilo 12. Watu wa kago ya ndege walitutajia dola 6 kwa kilo, shemeji akapiga 72 haraka akafurahi. Lakini ndege hailipishi kilo peke yake, inalipisha na nafasi. Unapima urefu, upana na kimo kwa sentimita, unazidisha, unagawa kwa 6,000. La nyuma: 65.3 mara 65.3 mara 17, ukigawa unapata kilo 12. La mbele: 66.3 mara 66.3 mara 10, kilo 7 na kidogo. Jumla kilo 19 na nusu hivi, hata kama mizani inasema 12, kwa sababu katikati ya tairi kuna tundu na tundu nalo linakaa kwenye ndege. Ingefika karibu laki tatu. Kwa meli, kwa ujazo uleule, wakala aliomba 90,000 pamoja na kutoa bandarini.

Masika yalikuwa yanaishia na vuli ingeanza Oktoba. Tukasubiri meli. Shemeji aliuliza kama kwa sasa anaweza kupanda kwenda karibukaribu tu. Dada alichukua ufunguo akauweka kwenye pochi yake, na hilo likamaliza swali.

Mzigo ulifika wiki ya kwanza ya Julai. Tukaupeleka kwa fundi yuleyule, ambaye aliupokea bila kinyongo ingawa tairi lake la 165 lilikuwa bado limetundikwa mlangoni. Akasoma ubavuni: TUBELESS. "Basi tyubu tunatupa," akasema.

Nikamzuia. Neno hilo linazungumzia tairi, halizungumzii rimu. Rimu ya spoki ya DragStar ina matundu kila penye spoki. Upepo utatokea humo. Tairi la kutotumia tyubu linaweza kuwekewa tyubu kwenye rimu kama hiyo, na ndivyo inavyotakiwa. Akafungua gurudumu la nyuma, akavuta tyubu ya zamani. Ilikuwa na viraka vitatu, kimoja kimepandana na kingine kama mikeka msikitini. Utepe wa mpira unaokinga tyubu na vichwa vya spoki ulikatikia mkononi mwake, na chini yake kutu.

Haya sikuyaweka kwenye bajeti, na ni kosa langu la pili. Tyubu mbili mpya na utepe vilikula 70,000. Tyubu ya zamani ikishatanuka haitakiwi kurudishwa ndani ya tairi jipya, hujikunja, na mkunjo ndio unaokatika. Tyubu mpya ya nyuma tuliipata mtaa wa Gerezani baada ya kuzunguka maduka manne. Kutu ikasuguliwa kwa brashi ya waya. Kwa kuwa gurudumu lilikuwa nje, fundi akasafisha meno ya shafti na kuyapaka grisi. Hilo lingesahaulika mwaka mwingine mzima, na meno yale yakiliwa, bei yake inazidi matairi yote mawili.

La mbele lilizua ubishi mfupi. Fundi alilishika akasema kashata zimeelekea kinyume, linatakiwa kugeuzwa. Lina sura hiyo, kweli: ukilitazama kutoka mbele, mifereji inaonekana kama inakimbilia upande usio wake. Lakini ubavuni kuna mshale, na mshale ndio wenye kauli. Tairi la mbele kazi yake kubwa ni kupokea breki, la nyuma kusukuma, ndiyo maana michoro mara nyingi huelekea tofauti. Akalifunga kwa mshale huku akinitazama kwa jicho la "tutaona."

Kulisawazisha, alining'iniza gurudumu kwenye ekseli yake juu ya stuli mbili, akaliacha lizunguke lenyewe mpaka litulie, upande mzito ukashuka chini. Juu, kwenye spoki iliyokuwa upande mwepesi, akazungushia waya wa risasi wa kulehemu, akaongeza, akapunguza, mpaka gurudumu likawa linasimama popote unapoliachia. Ilimchukua dakika ishirini na hakuna mashine ambayo ingemshinda. Ufundi wa namna hii ndio unaonifanya nisihame kwake.

Jumla: matairi 550,000, meli 90,000, tyubu na utepe 70,000, fundi 40,000. Laki saba na nusu. Tumepitiliza kwa 50,000, na hizo nilitoa mimi kwa ajili ya ule ushauri wangu wa Michelin.

Kilomita 150 za kwanza shemeji alizipanda kwa adabu. Tairi jipya lina ngozi ya kung'aa iliyotoka kwenye kalibu, haishiki vizuri mpaka ikwaruzike, na ukilaza kwenye kona siku ya kwanza unaweza kuanguka na matairi mapya kuliko ungeanguka na ya zamani. Akazunguka Bunju na kurudi, Bunju na kurudi, peke yake. Alisema usukani umekuwa mwepesi. Nadhani sehemu ya wepesi huo ni upepo wa 28 badala ya 40, lakini sikumharibia.

Mvua ya vuli ilipoanza alikwenda mwenyewe kwenye kivuko kilekile cha Tegeta, akapita mara tatu, polepole, kama mtu anayepima joto la maji kwa kidole. Mara ya nne alikuwa na dada nyuma. Sikuwepo; niliambiwa. Inasemekana dada aliuliza tu kwa nini wanazunguka palepale.

Lile tairi la gari halikukaa sana mlangoni. Mwezi uliofuata nilipita kwa fundi nikakuta Honda Steed, nayo inavaa 170/80-15 kama yetu, imeegeshwa na 165/80 R15 nyuma. Nikamuuliza mwenyewe inakwendaje. Akasema haina shida, amekwenda nayo Chalinze na kurudi, kwenye kona inataka tu kulazimishwa kidogo. Nikainama kutazama ukingo ulipokaa kwenye rimu. Mstari mwembamba unaozunguka tairi, ule unaotakiwa kuwa umbali uleule na rimu pande zote, upande mmoja ulikuwa umezama. Nilimwonyesha. Alitazama, akanishukuru, akawasha pikipiki.